Chungu Kisichochomwa

Kilo tatu na gramu mia saba hazikuungua.

Ortensia Mahenge alirudia hesabu mara ya tatu, si kwa sababu aliitilia shaka, bali kwa sababu utaratibu wa kazi ulitaka iwe tatu. Siku mtoto alipopokelewa, mizani ya Dirisha la Mwaluve ilisoma kilo sita na gramu mia tisa. Mtoto peke yake alikuwa kilo mbili na gramu mia nane. Kwa hiyo vitu vilivyokuja naye vilikuwa kilo nne na gramu mia moja, na vyote vilipaswa kuingia tanurini kabla dakika sitini hazijapita. Tanuri lilikuwa limeandika gramu mia nne.

"Mama," alisema bila kuinua macho, "siku Tulizo alipoletwa, zamu ilikuwa ya nani?"

Upande wa pili wa meza Mama Nsemwa alikuwa akimenya viazi. Alikuwa mlezi mkuu wa Mwaluve tangu Dirisha lilipofunguliwa, miaka kumi na minane nyuma, na hakuna karatasi ya kituo iliyowahi kumfanya aweke kisu chini.

"Ya kwangu. Zamu zote za mwaka ule zilikuwa zangu. Yule binti wa kunipokea alikwenda kuolewa Makambako, akasema anarudi. Mpaka leo anarudi."

"Ulichoma nini?"

"Shuka na kofia."

"Na kingine?"

Ganda la kiazi lilishuka refu bila kukatika. "Mwanangu, una miaka mingapi kwenye kazi hii?"

"Kumi na miwili."

"Na miaka yote kumi na miwili unapima vitu. Umeshapima. Sasa unaniuliza nini?"

Ortensia alifunga faili. Alikuwa amepanda mpaka huku, kwenye baridi ya Safu ya Kipengere, kwa jambo dogo. Hospitali ya kanda ilikuwa imeomba mama wa Tulizo atafutwe, na Mamlaka ya Dirisha ilikuwa imekataa. Kabla ya kukataa kabisa, sheria ilitaka mkaguzi afike mahali penyewe na kutia saini hati ya mstari mmoja: *Hakuna alama iliyobaki.* Alikusudia kutia saini, anywe chai na kushuka kabla ya ukungu.

"Nionyeshe," alisema.

*

Nchi ile kila mtu aliandikwa vinasaba vyake katika Daftari siku aliyozaliwa au siku alipofikishwa hospitali. Daftari lilikuwa limemaliza mambo mengi mabaya: watoto kubadilishwa wodini, maiti kuzikwa bila jina, urithi kugombewa na watu wasiohusika. Lakini lilikuwa limemaliza pia uwezekano wa mwanamke kumwacha mtoto salama bila kujulikana. Tone moja la mate ya mtoto, na Daftari lilimtaja mama kwa sekunde nne. Waliokuwa na sababu ya kuogopa kutajwa hawakupeleka watoto popote palipo na watu. Walipeleka mtoni, au kwenye mashimo ya vyoo.

Sheria ya Dirisha, uwazi wa ukutani wa kumwachia mtoto bila kuonekana, iliwajengea wanawake hao kuta tatu. Wa kwanza ni Pazia: mtoto akishapita Dirishani, Daftari hukataa kumlinganisha na mtu yeyote, leo na daima. Wa pili ni dawa ya njia, inayonyunyizwa kwenye kijia kila mgeni akishaondoka, ikavunjavunja unywele, jasho na mate hata visiweze kusomeka. Wa tatu ni moto: kila kilichokuja na mtoto huchomwa, isipokuwa mtoto. Ukuta mmoja ukibomoka, mbili zilizobaki hazina kazi.

Mama Nsemwa aliubomoa wa tatu kwa jembe la mkono.

Aliingia banda la kuni, akasogeza magogo matatu ya msindano, akaonyesha jiwe bapa lililozama ardhini. Udongo pale ulikuwa mkavu kama majivu.

"Kilikuwa chungu," alisema. "Mdomo umezibwa kwa nta, vizuri kabisa. Mtu mwenye haraka hazibi hivyo."

"Ulikifungua?"

"Nikifungue cha nini? Mwanamke ametoka kujifungua, mkono mmoja mtoto, mkono mwingine chungu. Ndani kuna nini? Ugali?"

Ortensia hakucheka. "Kondo la nyuma."

"Kondo. Nalo halichomwi. Ukilichoma umemfunga mwenzio uzazi. Angetaka liteketee angelitupa popote, asingetembea nalo milima hii damu zikimtoka. Alilileta lizikwe. Nikalizika."

"Fomu inasema kila kitu, mama."

"Fomu haijawahi kuzaa."

Ortensia alichuchumaa, akaweka kiganja juu ya jiwe. Lilikuwa baridi. Udongo mkavu, baridi ya mwaka mzima, nta isiyopitisha hewa, miaka sita tu. Hakuhitaji kufikiri sana. Maabara yoyote ya mkoa ingeweza kukisoma kilichomo.

*

Tulizo alikuwa ameketishwa juani, ukutani pa jiko, amefunikwa blanketi mbili. Dawa zilikuwa zimemaliza nywele zake zote.

"Wewe ndiye Mama Mizani?" aliuliza.

"Nani amekwambia hivyo?"

"Bibi. Anasema ukija hata paka anapimwa."

"Paka hapimwi."

"Basi nipime mimi."

Ortensia alimbeba mpaka kwenye mizani ya zahanati. Kilo kumi na nne. Mtoto wa miaka sita wa milima ile huwa na ishirini.

"Nyingi?" Tulizo aliuliza.

"Zimepungua sita."

"Zimeenda wapi?"

Lilikuwa swali zuri, na Ortensia aliwaheshimu watu wenye maswali mazuri. "Uboho wako, ule ulio ndani ya mifupa, umeacha kutengeneza damu," alisema. "Mwili unakula akiba yake."

Tulizo alilitafakari jibu. "Bibi aliniambia ni malaika wananiazima," alisema. "Yako ni afadhali. Malaika hawarudishi vitu."

*

Dakta Beno Luvanda alifika saa tisa mchana na chupa mbili za damu, kama alivyofanya kila wiki mbili. Kabla hajavua koti Mama Nsemwa alikuwa ameshamwambia habari ya chungu. Daktari alimkuta Ortensia ofisini na kukaa bila kukaribishwa.

"Kondo lina upande wa mtoto na upande wa mama," alisema. "Upande wa mtoto una Pazia. Upande wa mama hauna."

"Najua."

"Nikipata nyama kiasi cha ukucha, nina jina lake ndani ya robo saa."

"Najua hilo pia, dakta."

"Basi unangoja nini?" Alikuwa mtu mpole, na upole ulikuwa umemwishia njiani. "Tumelinganisha uboho wake na watu milioni arobaini na moja waliojitolea. Hakuna hata mmoja. Ana aina adimu mno. Mama yake ni nusu yake, na nusu inatosha. Bila hiyo ana miezi minne. Mwezi wa tisa."

"Ukimpata mama, utamwambia nini?"

"Nitamwomba."

"Gari la hospitali likisimama mlangoni kwake, mume ndani, mashemeji uani. Hilo ni ombi?"

"Nitaenda kwa miguu. Nitavaa kama muuza mitumba. Kuna njia."

Ortensia alitoa karatasi moja kwenye mkoba wake. Ilikuwa imekunjwa na kukunjuliwa mara nyingi mpaka ikachanika kwenye mikunjo.

"Mwaka wa saba wa Sheria, muuguzi wa dirisha moja alimtaja mwanamke mmoja kwa dada yake. Kwa nia njema. Dada alitaka kumlea mtoto. Habari ikatoka. Mwanamke mwenyewe hakufika mwisho wa mwezi. Katika miezi tisa iliyofuata, madirisha yote ya nchi yalipokea watoto sitini na mmoja. Miezi tisa ya kabla yake yalipokea mia mbili na kumi na wawili." Aliisogeza karatasi. "Tisini na wanne waliokotwa kwingine. Kumi na mmoja wakiwa hai. Ilikuwa kazi yangu ya kwanza. Mimi ndiye niliyewahesabu."

Luvanda aliisoma yote, mpaka chini.

"Themanini na watatu," alisema.

"Themanini na watatu."

"Na huyu wa themanini na nne aliyekaa pale juani? Unamwandika mstari gani?"

Ortensia alinyoosha mkono mezani. Alikunja karatasi.

Mama Nsemwa alikuwa amesimama mlangoni na sinia la chai. "Mnagombania mama wa watu kama ng'ombe wa mahari," alisema. "Huyu anataka kumvuta, huyu anataka kumficha. Yeye mwenyewe nani kamuuliza?"

"Tutamuulizaje bila kumjua?" Luvanda alisema kwa uchovu. "Miaka miwili iliyopita tulitangaza kwa ajili ya mtoto aliyehitaji figo. Hakuja mtu."

"Ningekuwa mimi nisingekuja. Mtu ameshika panga nyuma ya mgongo, halafu anakwambia karibu ule. Utakaa?"

Daktari aliinuka. "Naandika ombi la dharura usiku huu. Kesho saa nne nitarudi na kasha la maabara. Mkaguzi, ukitaka kunizuia, nizuie kwa maandishi."

*

Ortensia aliamka alfajiri na kusoma Sheria ya Dirisha tangu kifungu cha kwanza. Aliijua kwa moyo, lakini moyo si kumbukumbu ya kutegemewa.

Kifungu cha thelathini na moja kilisema kwamba kitu kilichosalia kitaharibiwa *kwa moto au kwa njia nyingine inayofuta vinasaba vyote*. Cha thelathini na mbili kilisema mkaguzi aliyegundua kasoro ataitangaza kwa umma ndani ya siku tatu. Watunga sheria waliona kwamba kasoro inayofichwa hutoka siku moja na uongo mgongoni.

Alikisoma cha thelathini na mbili mara mbili. Kisha alikwenda stoo na kuteka lita nne za dawa ya njia.

Mama Nsemwa alikuwa bandani akikusanya kuni za asubuhi. Alilitazama dumu, kisha akamtazama Ortensia.

"Kamwene, mama," alisalimia Ortensia.

"Kamwene. Hiyo ni ya nini?"

"Nitatoboa nta niimimine ndani. Hakuna kitakachoungua, kondo litabaki palepale ulipoliweka. Ila halitaweza tena kusema ni la nani."

"Na daktari?"

"Akija atakuta dawa."

Mama Nsemwa aliweka kuni chini moja moja. Alikuwa amemlea Tulizo tangu siku ya kwanza, amemtafunia viazi, amemfundisha kutukana kwa Kikinga. "Kwa hiyo njia ya hakika unaiziba."

"Ndiyo. Kisha nitatangaza kwamba nimeiziba, na kwamba mtoto ni mgonjwa. Umesema mwenyewe, hatakaa mezani mpaka tulitupe panga."

"Na asipokuja?"

"Asipokuja, Tulizo atakufa mwezi wa tisa."

"Unasema kama unasoma hali ya hewa!"

"Nikisema kwa namna nyingine, atakufa mwezi mwingine?"

Mama Nsemwa aligeuza uso. Jogoo waliwika ng'ambo ya bonde, na moshi wa jiko la kwanza ulipanda wima. Hatimaye alipiga magoti, akaingiza vidole chini ya jiwe bapa na kuliinua.

"Mimina," alisema. "Ila mimina wewe. Mimi nisije nikaota mikono yangu."

Ortensia alitoboa nta, akamimina lita zote nne. Zilichukua dakika tano kuzama. Baadaye, katika ripoti, aliandika dakika tano.

*

Luvanda alipofika saa nne na kasha lake, alisimama kwenye mlango wa banda. Harufu ya dawa ilikuwa bado imejaa.

"Unajua ulichofanya?"

"Najua. Nimekiandika. Nakala yako iko mezani."

"Miaka kumi na mitano ya udaktari, na sijawahi kumwona mtu akiua kwa utaratibu mzuri namna hii."

Ortensia aliyapokea maneno hayo kama yalivyo. Yangeweza kuwa kweli. Siku zijazo ndizo zingeamua. "Mashine yako ya kuchuja damu," alisema, "yaweza kufanya kazi ikiwa mtoaji yuko nje ya ukuta na mkono wake peke yake uko ndani?"

Luvanda alimkazia macho kana kwamba hakusikia. Kisha, kidogo kidogo, hasira yake ilipata kazi ya kufanya. "Mirija itabidi iwe mirefu," alisema. "Sindano ya kuamsha uboho inataka saa mbili. Kuchuja, saa tatu. Na kipimo cha kulinganisha nitakifanya hapahapa mezani, hakihitaji Daftari."

"Basi funga mashine Dirishani."

Tangazo alilitunga mwenyewe. Rasimu ya kwanza ilitaja mwezi mtoto alioletwa, aliufuta. Ilitaja chungu, alikifuta pia, maana chungu huonwa na majirani. Iliyobaki ilisomwa redioni mara tatu kwa siku, mara baada ya matangazo ya vifo, saa ambayo hakuna mtu milimani anayezima redio:

*Tangazo la kasoro, Dirisha la Mwaluve. Kitu kimoja kilicholetwa na mtoto hakikuchomwa. Kilizikwa pakavu kama aliyekileta alivyotaka. Sasa kimetiwa dawa ya njia mbele ya mkaguzi na hakiwezi kumtaja mtu. Hatukujui, na hatuna tena namna ya kukujua. Mtoto anahitaji uboho wako. Ukitaka kumpa, tia mkono Dirishani, siku yoyote. Usipotaka, hakuna atakayekuuliza.*

Wiki ya kwanza madirisha ya nchi yalipokea watoto wawili badala ya watano wa kawaida. Ortensia aliitazama ile namba na hakula. Wiki ya pili walikuja watano. Siku ya kumi na mbili ilifika barua ya Mamlaka: mkaguzi Mahenge amevuka mipaka ya tangazo la kasoro, na atasimamishwa kazi mwisho wa mwezi. Aliitia kwenye faili, mahali pake.

Tulizo alikuwa kilo kumi na tatu na nusu.

*

Siku ya kumi na saba, saa nane mchana, ukungu ulikuwa umefunika kijia chote kengele ya Dirisha ilipolia. Mizani ilisoma kilo mbili na gramu mia tisa.

"Mtoto," alisema Mama Nsemwa, akivuta shuka safi rafuni.

Ortensia aliiona taa ya mlango wa nje. Haikuzimika, mlango haukuwa umefungwa. "Sekunde mia tatu," alisema.

"Atapoa!"

"Sekunde mia tatu, mama. Anapewa muda wa kuondoka."

Walihesabu. Hakuna aliyeondoka. Ortensia alipofungua mlango wa ndani, juu ya sahani ya mizani ulikuwa umelala mkono wa mtu mzima, kiganja juu, sweta limekunjwa mpaka begani.

Luvanda alinawa na kuchukua tone la damu kidoleni kwa kipande cha kioo. Kipimo kilichukua dakika kumi na mbili. Ortensia alisimama akizitazama namba za mizani, ili asiutazame mkono.

"Nusu," Luvanda alisema. "Nusu kamili."

Saa tano zile zilikuwa ndefu. Mama Nsemwa alivua kanga yake na kuufunika mkono dhidi ya baridi. Kisha alimgeukia Ortensia. "Salamu imekatazwa?"

Ortensia alivipitia vifungu kichwani. "Haikutajwa."

"Kamwene, mama," Mama Nsemwa alisema kwenye uwazi wa Dirisha.

Jibu halikuja, sauti nayo ni alama. Lakini vidole vilijikunja juu ya vidole vya mlezi na kukaa hapo.

Mara moja tu, chumba cha pili, Tulizo alikohoa usingizini. Vidole viliachia. Viliinuka kidogo, kama vya mtu anayesikiliza, kisha vikalala tena kwenye sahani.

Mama Nsemwa alimtazama Ortensia. Mlango wa chumba kile ulikuwa hatua nne tu.

"Hakuomba," Ortensia alisema kwa sauti ya chini.

Jioni ilipoingia, Luvanda alichomoa sindano na kuweka bandeji. Mkono ulivutwa taratibu, mlango wa nje ukafungwa, na mizani ikarudi sifuri. Waliisikia dawa ikinyunyizwa kwenye kijia, hatua kwa hatua, ikishuka mlima nyuma ya mtu wasiyemwona. Mezani palikuwa na mfuko wa maji mekundu, gramu mia tatu na kumi.

"Sasa vya kuchoma," Ortensia alisema.

Mirija. Sindano. Pamba. Karatasi ya kipimo.

"Na kanga?" aliuliza Mama Nsemwa.

"Na kanga."

Mama Nsemwa aliinusa mara moja na kuiweka juu ya lundo mwenyewe. "Safari hii sizozani na fomu."

Ortensia alipima. Alikuwa amevipima vyote kimoja kimoja, kila kimoja kabla hakijatumika, na kanga ilipotolewa mkononi. Zilipungua gramu tano. Alirudia mara ya tatu, kisha akainua macho kwa daktari na kungoja.

Luvanda alitia mkono mfukoni mwa koti, akatoa kipande cha kioo chenye tone lililokauka. "Ugonjwa huu huweza kurudi," alisema. "Nilifikiri kesho ikitokea…"

"Ikitokea, tutatangaza tena."

Luvanda alikigeuza kioo vidoleni. Kisha alikiweka juu ya kanga, na Ortensia akalifunga tanuri. Alisimama mbele yake mpaka moto ulipozimika, akasoma namba ya tanuri, akaiandika chini ya ile ya mizani. Zililingana.